Kifaa cha Baba na Picha ya Nyumba

Kaka yangu mkubwa aliposema baiskeli ya baba ifungiwe stoo, nilijua hatanii. Wiki hiyo baba alikuwa amepotea. Mtu aliyezunguka Tana hii kwa baiskeli kabla sisi hatujazaliwa alilala porini katikati ya vichaka vya miiba ya mathenge, magurudumu yote mawili yamepata pancha, hadi wafugaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe mtoni wakamwona asubuhi na kumrudisha Garsen. Akaketi barazani, akaomba chai kama mtu aliyetoka msikitini.

"Si mimi niliyepotea," alisema. "Mafuriko yamepoteza njia."

Mimi nilicheka. Kaka hakucheka. Nikamsihi tumtafutie baba ile kompyuta ndogo ya GPS inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli. Akakubali kwa sharti moja: baba akitumie kifaa mwenyewe, bila kumpigia mtu simu. Akishindwa, baiskeli inaingia stoo na mjadala umekwisha. Baba akaguna tu. Lakini niliuona mkono wake ukipapasa tandiko, na roho ikaniuma. Mzee huyu ukimnyang'anya baiskeli utakuwa umemkata miguu.

Tena mimi nimekulia kwenye keria ya baiskeli hiyo. Wakati huo tuliishi kule mto unakotokea, upande wa Ndera, kabla mto haujahama na kumeza nusu ya mashamba yetu, nasi tukahamia Garsen. Siku ya soko nilikalia gunia lililokunjwa, nimeng'ang'ania shati la baba, puani harufu ya jasho lake na ya udongo uliolowa. Akikutana na mtu mzima, lazima ashuke. Kwetu hukumsalimu mkubwa ukiwa juu ya tandiko. Atauliza habari za mji, za watoto, za shamba, za maji yamefika wapi, kisha tunapanda. Akitokea mwingine, tunashuka tena. Nilikuwa nikinuna kweli kweli, maana maandazi ya sokoni yalikuwa yakipoa. Sasa natamani njia ile ingekuwa na watu wengi zaidi.

Tulikwenda Malindi kununua. Muuzaji akaanza na kile kizuri kuliko vyote, kioo kipana, ramani ya rangi, kila kitu ni kugusa. Baba akagusa. Kimya. Vidole vyake vimeshika jembe na kafi maisha yake yote, ngozi imekuwa soli, na kioo hakikutambua kuwa kimeguswa na mtu. Akalamba kidole, akajaribu tena. Muuzaji akageukia ukuta ili acheke kwa adabu.

"Kinabagua hiki," baba alisema.

Cha pili kilipima mapigo ya moyo, usingizi na mwinuko wa milima. Baba akauliza kama muuzaji aliwahi kuona mlima Garsen. Wanasema kizuri chajiuza, lakini siku ile vizuri vyote vilishindwa kujiuza kwa baba.

Cha tatu kilikuwa kidogo, cheusi, hakina sura. Kilikuwa na vitufe vya kubonyeza, namba kubwa za kusomeka juani, na ramani iliyohifadhiwa ndani, kwa hiyo hakikuhitaji mtandao wa simu. Badala ya maneno ya Kiingereza kilikuwa na picha. Ukibonyeza picha ya nyumba, mshale unakuelekeza nyumbani.

"Lakini kwanza, mzee, usimame nyumbani kwenu ukishikilie kitufe hiki," muuzaji alieleza, "ndipo kitajua ni wapi."

Baba akayarudia maelezo yote bila kukosea. Nikalipa nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Tulipofika Garsen alinikataza nisikiguse kifaa. Alikifunga mwenyewe kwenye usukani, kisha kwa siku kadhaa akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni, miguu imejaa vumbi. Nikadhani anajizoeza.

Kaka akaja kutoka Hola, anakofanya kazi, kumpima. Tulisimama uani, mbele ya mlango wetu.

"Haya baba, tuonyeshe nyumbani."

Baba akabonyeza. Mshale ukazunguka, ukaupa mlango wetu kisogo, ukaelekea kule mto unakotokea.

Kaka akanitazama. "Umeona?" aliniambia taratibu. "Amesimama mlangoni, na nyumbani hakujui."

Nikanyoosha mkono nikirekebishe kile kifaa upesi, lakini baba akanishika.

"Acha, binti yangu. Sikukosea. Wale wafugaji walinipeleka mpaka kule kwetu, nikasimama penye kaburi la mama yenu, nikashikilia kitufe kama nilivyoambiwa." Akaelekeza kidevu juu ya paa la bati. "Garsen nitapoteaje? Huo mnara wa simu unaonekana hata ukiwa Minjila. Kule ndiko kunakonipotea. Kila mafuriko yakija njia inafutika, mathenge yanaota, naanza upya kutafuta. Hata siku ile niliyolala porini nilikuwa natafuta njia ya huko."

Nilimpenda baba yangu saa ile mpaka roho ikauma, na nilimkumbuka mama kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka kwa muda mrefu.

Kaka alikuwa hajakanyaga kule tangu tumzike. Kila mwaka alikuwa na sababu: kazi, mvua, barabara mbaya, ni mbali. Akainama juu ya usukani, akasoma namba ya kilomita iliyokuwa chini ya mshale. Akaisoma tena.

"Baba," alisema, "ni karibu hivi?"