Sahani Iliyoezekwa Mabati

Fundi kutoka Jinja alipotufungia sahani ya intaneti huku mlimani, alisema lazima ione mbingu. Alipoondoka tu, mwenyekiti wetu wa kijiji akaijengea kibanda cha mabati, akapiga kufuli. Nikamuuliza. "Mali ya umma hainyeshewi, bwana," akanijibu.

Mwezi uleule udongo ukaporomoka, ukaziba njia, gogo likamvunja mke wangu mguu. Simu za kawaida hazishiki huku. Sahani ndiyo ingeita msaada Mbale. Mwenyekiti alikuwa mjini na ufunguo. Nikapanda kung'oa mabati, wazee wa kamati ya kijiji wakanivuta miguu. "Utaenda jela, wewe!" Nikashuka.

Tulikwama siku tatu, mguu ukaoza. Tukiulizwa wa kulaumiwa, mimi namtaja mwenyekiti, nawataja na wazee wale. Mke wangu, sasa wa mguu mmoja, hunitaja mimi.