Radi na Mpiga Pasi

Fundi huyu wa cherehani wenzake walimbatiza Radi kwa sababu ya mdomo wake. Akifoka dukani, hata mteja aliyekuwa bado barabarani aligeuza njia. Basi tajiri mwenye duka akaajiri mpiga pasi mpya, mama mtu mzima, kiziwi tangu utotoni. Siku ya kwanza Radi alifoka mpaka sauti ikamkauka, na mama wa watu anakunja mashati tu. Alipomrushia kipande cha chaki, alirudishiwa kile kile, kikamgonga kwenye paji la uso. Duka zima likaangua kicheko. Tangu hapo Radi akimhitaji hugonga meza yao ndefu, naye huhisi mtikisiko viganjani, akainua macho.

Wiki iliyopita Radi alimzika mkewe. Kesho yake tu akarudi kazini, na pole za wenzake akazikata kwa matusi. Leo alishona shati zima, mguu hautulii, asijue kwamba uzi ulikatika zamani. Mafundi waliona, lakini nani amfunge paka kengele?

Mpiga pasi alihisi mezani kwamba cherehani inakwenda bila kituo. Akaweka pasi kando, akaja, akalishika gurudumu mpaka likasimama.

“Niache! Toka hapa, nimesema niache!” Radi alinguruma, na mafundi wote wakakimbilia nje.

Yeye hakukimbia. Ngurumo hakuisikia. Aliuona uso tu, na uso ulikuwa unalia.