Poliamini Ndani ya Arobaini

Tasnifu yangu niliitetea nikiwa ndani ya arobaini, nimejifunga kanga, mwili wote unanukia mafuta ya nazi, na binti yangu amelala kwenye mto nyuma ya kompyuta. Mpango ulikuwa niende Nairobi, nisimame mbele ya watahini kama wengine. Lakini mtoto alitangulia kuja, na Bibi, mama yake baba, akateremka kutoka Msambweni na mfuko wa pilipili manga wa kunipikia uji.

"Mzazi hatoki," alisema, kabla hata sijamwamkia.

Msimamizi wangu alinielewa. Alipanga nijitetee kwa mtandao, kutoka nyumbani kwetu Mwabungo.

Siku ya kuamkia mtihani, Bibi alikuwa akinikanda mgongo. "Haya, nambie," akasema. "Miaka yote hiyo ulikuwa ukisoma nini hasa?"

"Poliamini, Bibi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza kwamba ubongoni seli moja huipasha nyingine habari kwa kumwaga kemikali kidogo pale zinapokaribiana. Kemikali hiyo haimwagwi ovyo. Seli ina vitundu vidogo mno vya kupitishia chumvi na madini, na vikifunguka ndipo ujumbe hutoka. Poliamini ni chembe ndogo zinazokaa humo humo ndani ya seli, na baadhi yake hupenda kuingia kwenye vitundu hivyo na kuviziba. Seli ikishtuliwa mara moja, chembe hizo hubaki zimeviziba. Ikishtuliwa mfululizo, hung'oka, njia ikafunguka, na ujumbe ukapita kwa nguvu zaidi. Hayo ndiyo niliyoyapima, kwenye vipande vya ubongo wa panya.

"Panya!" Bibi akasita kukanda. "Mikono yako umeiosha lakini?"

Kisha akataka kujua majina ya hizo poliamini. Nikamtajia ile niliyoishughulikia zaidi, spemini. Akauliza jina limetoka wapi. Nikaona haya, lakini Bibi ni mtani wangu, nikamwambia ukweli: ilionekana kwanza kwenye manii, ambayo Kizungu huitwa "sperm". Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mafuta yakamwagika kwenye jamvi.

"Na baba yako kesho atakuwa anasikiliza?"

"Atasikiliza."

"Yarabi!" akasema, akaanza kucheka upya.

Kweli, asubuhi Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano, akaweka kiti mlangoni pa chumba changu. Alifanya kazi mapokezi ya hoteli huko Galu mpaka alipostaafu, Kiingereza hakimpigi chenga. Bibi alikaa chini kando yake. Yeye Kiingereza hajui, lakini alisema atajua kwa sauti yangu kama mambo ni mazuri.

Nilianza kwa kusema haraka haraka. Baada ya mchoro wa pili sauti ikatulia, nikasahau kwamba nimejifunga kanga. Halafu mtahini mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza swali lile lile. Kwa nini spemini iliitwa hivyo?

Nikajibu bila kutazama mlangoni. Baba akakohoa. Bibi, aliyelitambua lile neno moja, akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Amekwama?" akamnong'oneza Baba kwa sauti ambayo Nairobi nzima ingeisikia.

"La, Mama. Anaendelea vizuri tu," Baba akasema, macho kayaelekeza darini.

Yule mama akaendelea: mwili huzipata wapi poliamini? Nikasema seli hujitengenezea zenyewe, na nyingine hutoka kwenye chakula, mbaazi, uyoga, hata maziwa ya mama. Sikumaliza. Binti yangu aliamka akapiga kelele kama aliyeitwa. Nikaomba radhi, nikakiinamisha kioo cha kompyuta.

"Usiombe radhi," yule mama akasema kwa Kiswahili, akicheka. "Mpe mtoto poliamini zake, nasi tutaendelea."

Basi nikajibu maswali yaliyobaki mtoto akinyonya, na nadhani sijawahi kujibu vizuri kuliko pale.

Walinitoa kwenye mkutano ili washauriane, kisha wakaniita tena. Msimamizi aliposema nimefaulu, Baba alinyanyuka akatafsiri neno moja tu: "Kafaulu!" Bibi akapiga vigelegele. Mama yangu akajibu kutoka jikoni, jirani naye akajibu kutoka uani kwake bila kujua kilichotokea. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kule Nairobi watahini wakaanza kupiga makofi.

Mchana tulikula wali wa nazi na mbaazi. Baba alipomaliza kula akaniuliza, kwa adabu zote, kama zile chembe zinazoziba vitundu zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zikimfanya asahau majina ya wageni kule hotelini. Nikamwambia bado hatujui. Akasema basi, nikishatoka arobaini, niendelee kuchunguza.