Vijiti Nilivyovisugua

Mwezi wa saba hapa Chamazi kuna baridi ambayo watu wa katikati ya mji hawaijui. Manyunyu hayakati, upepo unakuingia mbavuni, na chuma ukikishika asubuhi kinakung'ata vidole.

Geti lilikuwa kazi ya mume wangu, fundi wa kuchomelea. Kalichomelea nusu, kiharusi kikamwangusha. Ufundi wake wote hajawahi kumrudishia mtu kazi nusu. Mwenye geti akatuma neno: anakuja Ijumaa, asipolikuta tayari anabeba vyuma vyake. Mie nikasema, hakibebwi kitu hapa. Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja, chuma ndiyo kinishinde?

Vijiti vya kuchomelea nikavikuta kwenye boksi vimeingia unyevu, vimeota ukungu mweupe. Mie sishiki kitu kichafu. Nikachukua jivu na kumbi la nazi, nikavisugua kama masufuria, mpaka ule unga uliovifunika ukatoka wote, ukabaki waya mtupu unang'aa.

Mume wangu nilimkalisha barazani, nimemfunika khanga zangu mbili. Akaanza kelele. Mdomo umepinda, sauti haina neno ndani yake, mkono mmoja anaupigapiga kwenye kiti.

"Tulia, baba. Muone mkeo."

Nikavaa miwani yake nyeusi, nikawasha mashine, nikagusisha kijiti kwenye geti. Cheche moja, kijiti kikanata. Nikaking'oa, kikanata tena. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, chapati hiyo imeganda! Hukupaka mafuta!"

Nikacheka naye. Boksi likaisha, geti limejaa vipele, hakuna kilichoshikana.

Ijumaa mwenye geti akaja na fundi mwingine. Kijana wa watu, ana adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akaokota kijiti, akakigeuzageuza. "Bibi, nani kavivua hivi? Huo unga ndiyo unafanya chuma kishike. Vikiingia unyevu unaviweka karibu na jiko vikauke, basi."

Nikageuka barazani. Mume wangu alikuwa anatazama miguu yake. Kumbe hilo ndilo alilokuwa ananipigia kelele, na mie namwambia atulie.

Wakalipakia geti kwenye kigari cha kirikuu. Nilimsubiri mume wangu apige kelele, hata kidogo, hata ya kunitukana. Hakupiga. Uji anakula. Nikimsemesha anageukia ukutani, na khanga nikimfunika anaiacha ianguke.