Besi ya Tharsisi

Nasema ukweli, mimi Theonest: Tharsisi Manirambona, mpiga besi wetu, namwonea wivu. Nikimwona tu, chai inakosa sukari.

Alizaliwa kambini Kibondo, wazazi wametoka Burundi. Walipopata uraia wakahamia Makere kulima. Gitaa lake la kwanza alilichonga mwenyewe, nyuzi zake waya za breki za baiskeli. Leo kwaya zikija studio kwetu Kasulu kurekodi, kabla hata ya kunisalimia mimi mpiga solo, zinauliza, "Tharsisi yupo?" Yupo, aende wapi! Anakaa, anafumba macho, anapiga noti nne, tano. Tano tu! Mimi vidole vinapanda na kushuka mpaka vinawaka moto, halafu sifa zote kwake. Haki iko wapi hapo?

Mwaka jana ikaja kwaya ya Munanila. Walipoondoka nikamwambia Hilali, fundi mitambo, "Mama Immakulata kasema besi ishushwe, solo ipande." Mwongo mimi. Immakulata, mwalimu wao, hakusema hivyo kabisa. Hilali akashusha.

Siku ya kupiga video tukaenda wote Munanila. Wimbo ukafunguliwa, akina mama wakaanza kucheza. Loo! Huyu kulia, yule kushoto, wakakanyagana. Kumbe miguu yao ilifuata besi siku zote, na wenyewe hawakujua.

"Simamisheni!" akafoka Immakulata. "Besi yangu kaila nani?"

Hilali akanitazama. Nikatazama chini, Immakulata akaelewa. Tharsisi akachomeka gitaa lake kwenye spika, akakaa nyuma ya kamera, akapiga. Akina mama wakarudi kwenye mstari, na Hilali akaahidi kuirekebisha kazi.

Sasa kwenye picha pakabaki pengo, maana kwaya isiyo na mpiga besi haipendezi. Gitaa langu la solo alikwisha kupewa katekista Bazilio aonekane nalo, asiyejua hata kulishika. Immakulata akaleta gitaa bovu la kanisa, halina hata uzi mmoja, akanivika shingoni. "Wewe fundi wa kushusha besi, haya, ipige!"

Video hiyo imejaa kwenye simu za watu Kasulu. Jumamosi nilikuwa sokoni na Tharsisi, ananunua maharage, mama mmoja akanishika mkono, akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba wa besi! Besi yako ile inaniingia mpaka moyoni!"

Tharsisi akacheka, akaendelea kuchagua maharage. Solo yangu, yule mama hakuitaja.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Asante sana, mama."