Nachoma Mimi, Anasifiwa Mume Wangu

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, naishi Kimisagara hapa Kigali, nina mume na watoto wanne. Nililelewa Tanzania, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika vibaya mnivumilie.

Mume wangu alikuwa mucoma, ndivyo tunavyomwita huku mchoma nyama wa baa. Watu walikuwa wanafuata mbuzi choma yake kutoka mitaa ya mbali. Mimi nilikuwa nakata nyama, nailaza kwenye vitunguu na limau, natunga mishikaki, yeye anasimama kwenye moto. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu anauburuta. Watoto lazima wale, nikashika koleo mimi. Mwanzo niliunguza sana, sikatai. Sasa hivi watu wenye ubatizo na Krismasi wananiletea mbuzi mzima hapa nyumbani, na majirani wote wanajua anayechoma ni mimi.

Ambao nilidhani hawajui ni ukoo wa mume wangu. Kila Bonane, yaani mwaka mpya, tunakusanyika Gahanga kwa kaka yake mkubwa. Kwao mbuzi ni kitu cha wanaume. Zamani huku mwanamke hakula hata nyama ya mbuzi, aliambiwa ataota ndevu. Siku hizi tunakula wote, lakini shangazi wa mume wangu bado anasema mwanamke akisimama kwenye moto wa mbuzi amemkalia mumewe kichwani.

Bonane iliyopita mume wangu akaniambia, "Mama Divine, jiko tuliweke nyuma ya nyumba ya kaka. Nitakaa karibu na moto, wewe uchome. Mtu akipita atanikuta nimeshika koleo." (Divine si jina la kweli la binti yetu.) Nilikubali. Nampenda, na nilijua hana kitu kingine cha kujivunia mbele ya kaka zake.

Nilichoma mbuzi wawili tangu asubuhi. Mapaja nayaweka juu, mbali na makaa, yaive kwa moshi polepole, mbavu nazisogeza karibu, mafuta yakidondoka nayakimbiza na maji kidogo moto usipande. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Nyama ilipofika mezani shemeji akasimama, akasema, "Mdogo wangu, ugonjwa umechukua mkono, utamu haukuuona." Watu wakapiga makofi. Mimi niko mlangoni na sahani ya ndizi za kuchoma. Nikamwangalia mume wangu, nikasema moyoni, sasa atanitaja. Akatabasamu, akasema, "Moto una mwenyewe." Shangazi akanigeukia, "Na wewe mke wetu kaoge, unanuka moshi kuliko aliyechoma." Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Niseme nini? Kwamba mkono wangu ni mke wangu?" Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo. Akageukia ukuta.

Sasa Bonane nyingine imefika. Safari hii shemeji anapokea wakwe, wazazi wa kijana anayemuoa binti yake, na amesema nyama iwe ya mdogo wake, si ya mtu mwingine. Nikamwambia mume wangu, nitachoma, lakini mbele, kwenye hema la wageni, nikiwa na aproni yangu, na wewe ukae kwenye kiti pembeni yangu. Akasema nataka kumvua nguo mbele ya kaka zake. Divine naye akaniambia, "Mama, si siku moja tu? Ukimnyang'anya hilo, Baba atabaki na nini?" Iliniuma, kwa sababu huyo mtoto amesomeshwa na huo huo moshi.

Basi nikachukua simu nikampigia shemeji mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, mbuzi wa mwaka jana nilichoma mimi." Nilitegemea atashangaa. Akasema taratibu, "Mama Divine, unafikiri hatukuona? Mkono wa mdogo wangu haushiki hata kijiko. Tunajua wote, hata shangazi anajua. Tunampa heshima yake. Na wewe tusaidie, njoo uchome nyuma kama ulivyochoma."

Jamani, nilikaa chini kwenye ndoo. Kumbe wote walijua. Walipiga makofi wanajua, shangazi alinituma kuoga anajua, na hakuna hata mmoja aliyekuja kule nyuma kuniletea kikombe cha chai. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo heshima mnamwekea mgongoni kwangu. Mwaka huu nitasimama mbele, au mbuzi wenu mchome wenyewe." Akasema nafikiria kama Watanzania. Nikamjibu, ndiko nilikokulia, na nikakata simu. Sijutii.

Kinachoninyima raha ni mume wangu. Yeye bado anaamini hawajui. Anamwambia Divine amfulie shati jeupe la kuvaa siku hiyo. Daktari alituambia asipate mshtuko, na mimi usiku namsikiliza kama anapumua vizuri. Nikimwambia kwamba kaka zake walikuwa wanamwigizia, naogopa ataanguka. Nikinyamaza, atanikuta mbele ya wakwe nimeshika koleo, hakuna kaka hata mmoja atakayeshangaa, na hapo ndipo atakapojua kwamba walijua, watu wakimtazama.

Kwa hiyo nyinyi mliowahi kuuguza mtu mnayempenda, nielekezeni hapo tu: nimwambie kabla hatujatoka nyumbani, au nimwache ajionee? Kuhusu kurudi nyuma ya nyumba msihangaike kunishauri. Jiko nimeshamwambia mwenye gari alishushe kwenye hema.