Ukurasa wa Maji Matupu

Kikohozi kilitangulia, mwanangu, kabla mtu hajaonekana. Ndivyo wanaume wenye adabu walivyopanda ngazi za nyumba zetu za Mji Mkongwe, ili wanawake wapate nafasi ya kujitanda. Asubuhi hiyo naikumbuka vizuri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa likizo kutoka masomoni ng'ambo. Aliyekohoa ni Maalim Khamis, aliyenifundisha fizikia shuleni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Bi Zuhura. Haya, nionyeshe hiyo elimu ya wenzetu."

Nikamfungulia daftari kwa majivuno. Nilimweleza jinsi tunavyotandaza polima, jamii moja na plastiki, juu ya maji, ikawa utando wa unene wa molekuli moja tu, usioonekana kwa jicho. Tunaumulika kwa miali ya eksirei iliyoinama sana, karibu ilale juu ya maji, kisha tunapima kiasi kinachorudi. Maji matupu huchora kwenye grafu mstari unaoteremka laini. Penye utando mstari hujikunja, na mikunjo hiyo ndiyo hutuambia unene. Profesa wangu alikuwa tayari kuchapisha vipimo vyangu mwezi uleule.

Maalim alifunua kurasa taratibu, akasita. Kidole chake kilikuwa juu ya kipande cha karatasi kilichobaki kwenye uzi wa daftari.

"Hapa ulipima nini?"

"Maji matupu."

"Mbona ukurasa umeuchana? Nnakuuliza, Zuhura."

Mstari wa siku ile ulijikunja kabla sijaweka polima hata tone. Muda wangu kwenye mashine ulikuwa unakwisha, nikaona aibu kuomba mwingine. Nikachana, nikaendelea. Yote hayo nilimwambia nikitazama sakafu.

Akaniangalia kichwani. "Nywele unapaka nini huko?"

"Mafuta ya nazi. Mama hunitumia."

"Na mkono huohuo ndio unaoshika beseni la maji?"

"Ndiyo, Maalim."

"Lo! Mafuta nayo hutanda juu ya maji. Basi umekwenda mbali kote huko kupima kichwa chako!"

Mama, aliyekuwa akichagua mchele, alicheka. Mimi sikuweza. Maalim naye uso ukambadilika.

"Mafuta hukuyajua," akasema. "Lakini ukurasa uliuchana huku ukijua. Kesho wenzako watajenga juu ya kitu kisichokuwepo. Mimi simwandikii profesa wako. Mwandikie mwenyewe, leo, kabla hajapeleka makala."

Niliandika maneno ya telegramu palepale. Baadaye ilinigharimu sana. Makala haikupelekwa, nami nikarudia kazi mwaka mzima, vidole nimevisugua hadi ngozi inawaka. Unene niliojivunia haukuonekana tena.

Mwanangu, kabla hujapima jambo lolote, yapime kwanza maji yako matupu. Ukiyakuta yamechafuka, andika hivyohivyo, kwa wino, na uache ukurasa mahali pake hata kama unakuaibisha. Ukiuchana, hakuna atakayejua pa kuanzia kukusaidia, hata wewe mwenyewe.

Siku ile Maalim aliinua mikono akaniombea, nami nakuombea yaleyale: Mungu akupe moyo wa kusema umekosea ungali na wakati wa kutengeneza, akujaalie na watu wasioona haya kukuuliza. Amin.

Baada ya dua yake nikavaa buibui, nikaikunja ile karatasi ya telegramu kiganjani, nikashuka kwenda posta. Nyuma yangu mama akaufunga mlango.